Walitoroka Kambini, Wakapanda Mlima Kenya, Kisha Wakarudi Kujisalimisha

Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Katikati ya Nairobi bado kuna giza, lakini kando ya barabara kuna kundi la watu wamevaa kofia za sufi na mabegi mgongoni. Bango la safari limezunguka WhatsApp tangu Jumatatu: Longonot, nauli, kiingilio, beba maji lita mbili na koti la mvua. Pesa ilishatumwa kwa M-Pesa. Matatu ilifaa kuondoka nusu saa iliyopita, ila kuna mmoja bado yuko Roysambu na anasema amefika. Kila kundi lina huyo mtu.

Hatimaye gari inaondoka. Ikishuka mteremko wa Mai Mahiu inapita kikanisa kidogo kando ya barabara, kidogo kweli, watu wachache tu wakiingia kimejaa. Nusu ya abiria wamelala, wengine wanatafuta upande wenye mwanga mzuri wa selfi. Kikanisa hicho kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kitaliano, wale wale waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Walikamatwa na Waingereza huko Ethiopia na kwingineko kwenye Pembe ya Afrika, wakaletwa Kenya kwa maelfu, wakatawanywa kwenye makambi. Na kati ya mateka hao ndiko kulikotokea kundi la watu watatu ambalo pengine ndilo lilifanya safari ya ajabu kuliko zote za kukwepa maisha ya kila siku zilizowahi kufanywa nchi hii.

Kambi yao ilikuwa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Mmoja alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kitaliano, mwenye mazoea ya kupanda milima tangu utotoni. Siku alizofika kambini mvua na mawingu vilikuwa vimefunika kila kitu, hata hakujua kuna mlima. Asubuhi moja mawingu yakafunguka, na mbele yake akaona jiwe na barafu vimesimama juu ya msitu. Anayejua Nanyuki anajua mchezo huo: mlima unajionyesha asubuhi, na kabla ya saa sita umeshajifunika. Basi, jamaa akaingiwa na wazo.

Ni muhimu kuelewa alichokuwa anakimbia. Mateka hawakuwa wakipigwa kila siku. Tatizo lilikuwa siku zenyewe. Unaamka, unahesabiwa, unakula, unasubiri, unahesabiwa tena, unalala. Kesho hivyo hivyo. Vita haina tarehe ya kwisha, kwa hiyo hata kifungo hakina. Watu walianza kugombana kwa vitu vidogo, wengine wakanyamaza kabisa. Na kutoroka kwa maana ya kutoroka hakukuwezekana, kwa sababu nchi ya karibu isiyokuwa vitani ilikuwa Msumbiji ya Wareno, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Mzungu anayetembea kwa miguu hivyo angefika wapi bila kuonekana?

Kwa hiyo wao walipanga kitu kingine. Watoke, wapande mlima, waweke bendera yao juu, warudi. Kurudi kulikuwa ndani ya mpango tangu siku ya kwanza.

Maandalizi yalichukua miezi. Leo ukikosa viatu vya mlimani unaenda Gikomba Jumatano, unapata vya mtumba, umemaliza. Wao waliiba nyundo wakazigeuza mashoka ya barafu. Meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu yalitoka kwenye seng'enge na madigadi ya gari mbovu. Kamba walizipata kwenye vitanda vya kambi, ile nyuzi ya mkonge inayoshikilia godoro. Nguo za baridi zilishonwa kutoka kwa blanketi. Chakula waliweka akiba kidogo kidogo kutoka kwenye mgao wao, na sigara zikawa ndiyo pesa. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni lebo ya mkebe wa nyama yenye picha ya mlima. Fikiria hilo ukiwa umeshika simu inayokuonyesha kila kona ya njia.

Wa pili alikuwa daktari, naye anajua milima. Wa tatu alikuwa baharia, mtu ambaye hajawahi kupanda mlima wowote wa maana, na ambaye kambi nzima ilimwona ana wazimu kidogo. Walimchukua hivyo hivyo.

Januari 1943 wakapita lango la bustani ya mboga kwa ufunguo waliojitengenezea, wakafuata mto kuingia msituni. Hawana bunduki, na msitu una ndovu, kifaru na chui. Waliokuwa wakihesabiwa kila asubuhi kama ng'ombe sasa walikuwa wakisikiliza kila tawi linalovunjika. Baharia akaugua, na ilipofika juu hakuweza kuendelea, akabaki kambini mwao kulinda vitu. Wale wawili wakajaribu Batian, kilele kikubwa chenye mita 5,199, dhoruba na jiwe vikawashinda. Wakarudi chini kwenye hema, wakapumzika, wakajaribu Lenana, mita 4,985. Tarehe 6 Februari wakaweka bendera ya Italia na chupa yenye majina yao watatu. Jina la baharia aliyebaki chini likiwemo.

Hapo wengi wanaisimulia hadithi hii kwa kelele, bendera ikipepea. Lakini sehemu nzito ni ile ya baadaye. Chakula kikaisha. Walishuka wakiwa na njaa kiasi cha kuyumba, na wakatembea kuelekea wapi? Kwenye seng'enge. Baada ya siku 18 nje, walirudi kambini kwa siri kama walivyotoka, kisha wakajisalimisha. Adhabu ilikuwa siku 28 za seli ya peke yako. Mkuu wa kambi, Mwingereza, akazipunguza hadi 7, kwa kuheshimu jambo walilofanya.

Heshima hiyo ina upande wake wa pili, na haifai kuurukia. Mwaka huo huo wa 1943, mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimika kubeba kipande, karatasi iliyoeleza yeye ni nani na anamfanyia nani kazi, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijumba cha chuma. Akipatikana bila hicho ni kosa. Akiacha kazi bila ruhusa ya bwana ni kosa. Mateka adui alitoroka wiki mbili na nusu akaonekana mwanamichezo. Mpishi wa Nanyuki angetoweka wiki mbili na nusu aende kuangalia barafu, angeitwa mtoro, basi.

Na si kwamba Waafrika hawakuujua mlima. Kwa Wakikuyu ni Kirinyaga, makao ya Ngai, ukiomba unauelekea. Kwenda kuukanyaga kilele kwa starehe lilikuwa wazo la ajabu. Mzungu wa kwanza kufika Batian, mwaka 1899, alikwenda na wapagazi Waswahili zaidi ya 60 na Wakikuyu karibu 100. Waliobeba mizigo hiyo hakuna kilele kilichopewa majina yao. Miaka kumi baada ya Waitaliano, msitu ule ule ukawa eneo lililopigwa marufuku. Wapiganaji wa Mau Mau walikaa humo miaka, na wanakijiji wakalazimishwa kuchimba mtaro ukingoni ili chakula kisiwafikie. Usiku wa Uhuru, Desemba 1963, Mkenya akapandisha bendera ya Kenya juu ya mlima. Kati ya mambo hayo yote, watu wa kawaida kupanda kwa sababu tu wamechoka na mji ni jambo changa sana.

Jinsi lilivyoshika moto, watu wa Nairobi wanakumbuka. Tarehe 6 Aprili 2020 serikali ilifunga mji kwa sababu ya korona, hakuna kuingia wala kutoka, na ikafungua mwanzoni mwa Julai. Miezi mitatu. Mtu anaamka kwenye chumba kimoja cha Kasarani au Pipeline, anafanya kazi juu ya kitanda kama bado ana kazi, anakula, anasubiri hotuba ya rais, analala. Kafyu usiku. Barabara zilipofunguliwa, waliokuwa hawajawahi kukanyaga hata Ngong wakaanza kuulizana bei ya viatu. Makundi yakazaana: ya kanisa, ya ofisi, ya wanawake peke yao, ya waliotoka kuachana na wapenzi. Ngong Hills kwanza, kisha Longonot, kisha Elephant Hill kule Aberdare, ambapo matope hufika magotini na urafiki mpya hupimwa. Mwishowe mtu anaweka akiba ya miezi kadhaa aende Lenana, siku nne, anaamka saa nane usiku kwenye baridi kali, kichwa kinagonga, tumbo linakataa hata chai, ili jua likichomoza limkute juu.

Wenye kejeli husema ni picha tu wanazifuata. Picha zipo, ndiyo. Hata wale Waitaliano waliacha bendera na chupa ili ijulikane. Kisha ni Jumapili jioni, Thika Road imesimama, miguu inauma, ndani ya gari kumenuka jasho na nyama choma, na simu zinaanza kupokea ujumbe wa bosi kuhusu Jumatatu. Hakuna anayeshuka akimbie arudi porini. Wanahesabiwa pale stejini, mmoja mmoja, kundi likihakikisha yule wa Roysambu hajasahaulika.

Yule ofisa aliyeliona jiwe kwanza alimaliza siku zake 7 za seli, akarudi kwa wenzake kambini. Vita viliisha mwaka 1945. Yeye alibaki mateka hadi 1946.