Mjamzito na mawazo: Pumzi hutuliza, shinikizo la damu hupimwa kliniki

MJAMZITO akilalamika kwamba kichwa kinamuuma, jibu analopewa mara nyingi ni kuwa ana mawazo mengi, apumzike. Pengine ni kweli. Hata hivyo, baada ya wiki ya 20, maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono au maumivu ya chembe cha moyo huweza kuwa dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Hapo mapumziko pekee hayatoshi. Kinachohitajika ni kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Shinikizo la damu likifika 140 kwa 90, mama huhitaji uangalizi wa karibu.

Mazoezi ya kutuliza fikra yana nafasi yake. Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha kwa wagonjwa nchini Marekani mwaka 1979, na mkunga Nancy Bardacke akayarekebisha yawafae wajawazito. Mama hulala ubavu au huketi, akafuata pumzi yake inavyoingia na kutoka. Fikra zikitangatanga, huzirudisha taratibu pasipo kujilaumu. Hayana gharama, na tafiti zimeonyesha kuwa huwapunguzia baadhi ya wajawazito wasiwasi na hofu ya kujifungua. Ushahidi kwamba huzuia shinikizo la damu ni hafifu.

Kwa mama wa Kang'ata, katika Wilaya ya Handeni ambayo uhaba wa maji ni kilio cha miaka mingi, kuambiwa atulie huku ndoo ikiwa kichwani ni nusu ya ushauri. Nusu ya pili inamhusu mume na ndugu wa nyumbani: wamtwike nani mzigo huo?

Handeni na jirani yake Korogwe pia si wageni wa malaria, ambayo humpunguzia mjamzito damu na kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Uchovu wa upungufu wa damu nao husingiziwa mawazo. Kinga yake ni chandarua chenye dawa, vidonge vya kuongeza damu, na SP inayotolewa kliniki kuanzia kipindi cha pili cha ujauzito.

Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki ya 12. Huzuni inayozidi wiki mbili nayo aelezwe mkunga.