Mnanaa Usipondwe

Mwaka 1912 Theodore Roosevelt, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, alimshtaki mchapishaji wa gazeti la Michigan lililodai kwamba yeye ni mlevi. Akijitetea, alitaja kinywaji kimoja cha julep alichopewa klabuni St. Louis, akasema alikunywa sehemu tu. Alishinda kesi na kulipwa senti 6. Lakini gazeti la St. Louis Post-Dispatch lilimtania: nani amewahi kuacha julep ya Tom bila kuimaliza?

Tom huyo ni Tom Bullock, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1872. Mwaka 1917 alitoa The Ideal Bartender, kitabu cha kwanza kinachojulikana cha kokteli kilichoandikwa na Mmarekani mweusi. Dibaji iliandikwa na mfanyabiashara G. H. Walker, ambaye mjukuu wake, George H. W. Bush, alikuja kuwa rais.

Ninasoma historia katika shahada ya uzamili, na nimezoea kutafuta watu katika barua na majalada ya mahakama. Kwa Bullock nilikuta maelekezo ya vinywaji tu. Basi nikayasoma kama ushahidi, na ushahidi wa namna hiyo hupimwa jikoni.

Julep yake ya Kentucky ni fupi: kikombe cha fedha, sukari iliyoyeyushwa kwa maji kidogo, barafu laini hadi ukingoni, wiski ya bourbon, kukoroga vizuri, kisha mnanaa. Halafu anaonya: mnanaa usipondwe. Nilijaribu njia zote mbili. Majani yaliyopondwa yalitoa uchungu kama wa nyasi. Yaliyoachwa mazima juu ya barafu yalitoa harufu tu, na harufu ndiyo inayotangulia puani kabla kinywaji hakijafika mdomoni. Neno hilo la onyo limetoka kwa mtu aliyeirudia kazi hii kwa miaka mingi.

Mwaka 1948 mwanasheria David Embury, ambaye hakuwahi kufanya kazi ya baa, alitoa The Fine Art of Mixing Drinks. Yeye alieleza sababu. Kwa vinywaji vya ndimu au limau alishika uwiano wa 8 kwa 2 kwa 1: kileo, maji ya tunda, sharubati ya sukari. Kwa glasi moja ni mililita 60, 15 na 7.5. Ukiona ni kikali mno, unajua cha kuongeza. Embury anakupa hesabu, Bullock anakupa mkono. Anayejifunza nyumbani anawahitaji wote wawili.

Lakini hawakuandika katika hali moja. Januari 1920 marufuku ya pombe ilianza Marekani nzima, na haikuondolewa hadi Desemba 1933. Baa halali zilifungwa, na ujuzi uliokuwa mikononi mwa wahudumu, wakiwamo weusi, ukakosa mahali pa kurithishwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bullock aliwahi kuandika daftari lake miaka mitatu kabla ya mlango kufungwa. Hakutuachia hadithi ya maisha yake humo, ila alituachia kipimo, barafu, na onyo kuhusu majani.