Maji, Mafuta na Plasta: Tarehe ya Kidole Kilichopinda

Kila Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Januari, siku ambayo tangu mwaka 1954, kwa juhudi ya Mfaransa Raoul Follereau, imekuwa siku ya wenye ukoma duniani, husomwa hotuba Goma na Kinshasa, na hotuba hizo aghalabu huwa juu ya vidonge. Vidonge vinastahili sifa, wala sina nia ya kuvivunjia heshima. Lakini Jumapili moja ya namna hiyo ilinikuta Ntoto, mpakani mwa Masisi na Walikale, nimeketi barazani kwa mama mmoja mzee ambaye ugonjwa wenyewe ulikwisha kumtoka miaka mingi nyuma, na niliyoyaona pale hayakuhusu kidonge hata kimoja.

Aliutumbukiza mkono wake wa kuume katika beseni la maji ya mto, akautuliza humo kwa muda uliomtosha binti yake kumenya ndizi za chakula cha mchana. Akautoa, asiufute ukakauka, akaupaka mafuta ya ngazi mpaka ukang'aa. Kisha akaulaza juu ya paja, kiganja kikitazama juu, na kwa mkono wa pili akaanza kukinyoosha kidole cha mwisho, polepole, toka shina kuelekea ukucha, akikishikilia pale kilipokataa kuendelea na kuhesabu kwa midomo bila ya sauti. Kidole kile zamani kiligusa kiganja. Sasa baina ya ncha yake na kiganja ungeweza kupitisha yai.

Ukoma, ambao watu wa pwani waliuita matana na jedhamu na sisi wa Kivu twauita bukoma, una tarehe inayojulikana. Kwamba huletwa na kijidudu, tuliambiwa na Mnorway Armauer Hansen mwaka 1873. Kwamba dawa za salfoni hukishinda kijidudu hicho, ilidhihirika Carville, Marekani, kuanzia mwaka 1941. Kwamba dawa moja peke yake haitoshi, Shirika la Afya Duniani lilikata shauri hilo mwaka 1981, likashauri mseto wa dawa ambao hutumika hata leo. Haya yameandikwa mahali pengi, nami nayapita.

Jambo lisiloandikwa sana ni lile la kidole. Kidole cha mwenye ukoma hupindwa na nini, na je, kikisha kupinda, hunyoka? Swali hili lilikuwa mbele ya macho ya kila tabibu, lakini kwa muda mrefu wengi waliridhika na jawabu la sokoni, yaani kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma ni mbovu, huoza yenyewe na kukauka yenyewe, na mwenye kuihangaikia anapoteza wakati. Katika kueleza jinsi jawabu hilo lilivyoangushwa nategemea maandiko ya Paul Brand mwenyewe na kitabu ambacho Dorothy Clarke Wilson wa Marekani alikitoa juu yake mwaka 1965, na msomaji akiona navutwa upande wa Brand, ajue chanzo.

Brand alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1914 katika milima ya Kolli, kusini ya Bara Hindi, akasomea upasuaji London na kurudi kufundisha katika chuo cha utabibu cha Vellore. Mwaka 1947 alikwenda Chingleput, karibu na Madras, kumtembelea Robert Cochrane, bingwa wa maradhi ya ngozi aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wenye ukoma mahali pale. Wakitembea baina ya wagonjwa, Brand aliona mikono iliyojikunja kama makucha ya ndege, akauliza sababu. Cochrane akamjibu kwa ukali wa sahibu kwamba yeye ni mtu wa ngozi. Mifupa na misuli ni kazi ya akina Brand, nao ndio walioitupa kazi hiyo, maana hakumjua tabibu wa mifupa hata mmoja aliyejishughulisha na ulemavu huu, ilhali ulikuwa umelemaza watu wasio na hesabu. Brand, kwa kuona haya au kwa udadisi, akamshika mkono kijana mmoja mwenye vidole vilivyokunjika, akamwambia aubane kwa nguvu zake zote. Alitarajia mkamato wa mtu aliyepooza. Alichopata ni kucha zilizomwingia nyamani hata akapiga ukelele.

Mkono ule haukuwa mfu. Misuli minene ya kigasha, ile ivutayo vidole ndani, ilikuwa hai na yenye nguvu kama ya mkulima yeyote. Iliyokufa ni misuli midogo ya kiganjani, ile ifungayo na kufungua vidole kwa kipimo, na ilikufa kwa sababu mshipa wa fahamu uipelekeao amri, upitao nyuma ya kiwiko, ule ambao tukiugonga ukingoni mwa meza mkono mzima huwaka moto, uliharibiwa na kijidudu ambacho hupenda pahala penye baridi karibu na ngozi. Basi upande mmoja wavuta na upande wa pili hauna wa kuvuta, na kidole hujikunja kwa sababu hiyo tu, bila ya uozo wowote. Kikiachwa hali hiyo miezi, ngozi ya ndani na vifungo vya kiungo hupungua kwa kukosa kutumika, na hapo ndipo watu husema kimepinda milele.

Ugonjwa wa ujinga ulipata dawa siku ile, lakini ugonjwa wa hofu haukupata. Brand aliporudi Vellore akitaka vitanda vya watu hawa, alikataliwa: ilihofiwa kwamba wagonjwa wengine wangeikimbia hospitali. Matabibu wenzake wakaongeza hoja ya nyama mbovu, kwamba hata akiwapasua majeraha hayatapona, naye hakuwa na jawabu ila kuwafungulia wagonjwa wake nafasi ndogo pembeni na kuyangojea majeraha. Yakapona. Hapo wapinzani wakauliza: ikiwa nyama ni nzima, mbona vidole vyaendelea kupungua? Jawabu la swali hili lililetwa na mtoto. Siku moja Brand alihangaika kufungua kufuli yenye kutu ya stoo, ufunguo usizunguke. Akaja mvulana mgonjwa, akaushika, akauzungusha mara moja. Brand akastaajabia nguvu zake, kisha akaona tone la damu sakafuni, akakifunua kidole cha mtoto: ufunguo ulikuwa umekata hata mfupa ukaonekana, na mtoto hakujua. Tangu siku hiyo wakaanza kuchunguza kila kidonda kwa kumwuliza mgonjwa alishika nini jana, sufuria ya moto au mpini wa jembe wenye ufa, na kila kidonda kikapatikana na sababu yake. Vidole vilivyotoweka usiku vilileta ubishi zaidi, mpaka walipokesha wakaona panya wakija kuvitafuna na mwenyewe amelala usingizi wa raha. Na tangu hapo, aliyetoka hospitalini kwenda kwao alipewa paka.

Sifa za Brand zilienea kwa kisu, kwa kuwa alijifunza kuhamisha kano nzima na kuipa kazi ya misuli iliyokufa. Lakini kisu hicho kilikuwa na sharti ambalo wasimuliaji hulipita haraka: kidole kilichokauka hakipasuliwi mpaka kinyoshwe kwanza, na kukinyoosha si kazi ya mpasuaji, ni kazi ya maji, mafuta na plasta, ile ambayo Dar es Salaam huitwa hogo. Kidole hulowekwa nusu saa, hupakwa mafuta, hunyoshwa mpaka pale kinapokubali bila ya kulazimishwa, kisha huvishwa bomba jembamba la plasta. Baada ya siku chache plasta hukatwa, na kidole hukutwa kimeongeza kidogo, huvishwa nyingine, na kuendelea hivyo wiki baada ya wiki. Brand alieleza sababu kwa hoja ninayoiona tamu kuliko upasuaji wake wote: ngozi iliyo hai haitaki kuvutwa, ukiivuta kwa nguvu huchanika ndani, ikapona kwa kovu na kukaza zaidi, lakini ukiiweka katika mvuto mdogo usiokoma, huota, kama ngozi ya tumbo la mja mzito inavyoota. Ndiyo maana kazi hii hutaka subira, na hutaka pia jicho, kwa kuwa kidole kisichohisi kikibanwa na plasta hakitasema. Na wapo waliopona kwa njia hii wasihitaji kisu tena, ama kwa kuwa mshipa ulipata nafuu, ama kwa kuwa kidole kilichonyoka nusu kilitosha kushika jembe.

Elimu hiyo ilifikaje kwetu? Makambi ya wenye ukoma yalikuwapo kabla yake. Leonard Sharp alifungua la kisiwa cha Bwama, katika Ziwa Bunyonyi, mwaka 1931. Oicha, katika nchi ya Beni, Mmarekani Carl Becker alianza kazi katika miaka ya 1930, na kufikia miaka ya 1950 wagonjwa wake wa ukoma walihesabiwa kwa maelfu, Wambuti wakiwamo, mpaka uasi wa Simba ulipomtoa mwaka 1964. Yakusu, karibu na Kisangani, Stanley Browne alifanya kazi toka 1936 hata 1959. Na Buluba, Uganda, Mpoland Wanda Błeńska alifika mwaka 1951, akakaa miaka 40 na zaidi, akiwapima wagonjwa kwa mikono mitupu ili watu waone. Mwaka 1965 kilifunguliwa kituo cha ALERT, Addis Ababa, Brand akiwa miongoni mwa waliokishauri, na huko watumishi wa afya wa Afrika wakafundishwa, pamoja na mengine, kufunga plasta juu ya kidole.

Msomaji aliyeko Ulaya huenda akadhani nasema habari ya kidole kingine, kile ambacho Mfaransa Guillaume Dupuytren alikieleza mwaka 1831 na ambacho hata leo kina jina lake. Hicho hupindwa na kamba ngumu iotayo chini ya ngozi ya kiganja, huwapata zaidi wazee wa Kizungu na ni nadra kwetu. Nacho pia kilipata tiba pasipo kisu: Wafaransa walikata kamba kwa ncha ya sindano, na Marekani mwaka 2010 iliruhusu sindano ya dawa iyeyushayo kamba, dawa ambayo iliondolewa katika soko la Ulaya mwaka 2020 kwa sababu za biashara. Hata matajiri, kumbe, hunyang'anywa.

Kwetu kilichotunyang'anya ni kingine. Machi 1993 damu ilimwagika katika soko la Ntoto hii hii, na moto ulioanzia hapo ukaunguza Masisi yote. Dawa ya ukoma hutolewa katika karatasi ya siku 28, miezi sita kwa wengine na kumi na miwili kwa wengine, na mtu anayekimbilia msituni hana kalenda. Mwishoni mwa 2007 serikali ilitangaza kwamba ukoma si janga tena katika taifa, maana wagonjwa wamepungua chini ya mmoja kwa watu 10,000. Hesabu ilikuwa ya haki, lakini wengi waliisikia kana kwamba imesema wagonjwa wamekwisha, na hali kila mwaka bado huandikwa maelfu wapya nchini. Vidonge huletwa bure. Plasta, vazilini na mtu aliyefundishwa kushika kidole havimo ndani ya karatasi ile, wala hakuna hotuba ya Januari niliyoisikia ikivitaja. Huu ni uzembe, nami sioni jina lingine la kuupa.

Na uzembe huu una saa yake. Mkono unaoanza kufa ganzi, au kidole cha mwisho kinachokataa kujiunga na wenzake, ukionyeshwa kabla ya miezi sita kupita, mara nyingi huokolewa kwa prednisoloni, inayoanzwa kwa miligramu 40 kwa siku na kupunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki 12 au zaidi, chini ya uangalizi wa mganga. Baada ya hapo hubaki beseni na paja.

Nilipoaga, mama yule aliniomba, nikirudi, nimletee vazilini, kwa sababu mafuta ya ngazi yana harufu na huwaita panya usiku. Kopo moja humtosha miezi. Wasomaji wa Goma mnaopanda huku kwa biashara, pahala pa kopo moja hapakosekani mzigoni.