Vyote Ving'aavyo: Historia ya Methali ya Kiingereza katika Nchi ya Dhahabu, Tarime na Serengeti

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia safari ya methali moja ya Kiingereza kuhusu mwonekano wa nje, inayojulikana katika Kiswahili kwa umbo la "Vyote ving'aavyo si dhahabu". Methali hiyo inapimwa katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako dhahabu si taswira tu bali ni riziki. Hoja kuu ni kwamba methali hii si kisawe cha "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti", ijapokuwa mara nyingi hizo mbili huwekwa pamoja. Moja inatoa hukumu, nyingine inaagiza uchunguzi. Na umbo lililotokana na Kiingereza limeificha tofauti hiyo.

1.0 Utangulizi

Methali za Kiingereza kuhusu uzuri na mwonekano zimeingia katika Kiswahili kwa viwango tofauti. "Usihukumu kitabu kwa jalada lake" na "Uzuri umo machoni mwa mtazamaji" bado zina harufu ya tafsiri. Methali ya dhahabu, kinyume chake, imezama katika lugha kiasi kwamba msemaji huitaja bila kuhisi ugeni wowote. Jambo hilo halishangazi: kung'aa ni kitenzi cha Kibantu, na dhahabu ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu zamani.

Wilaya za Tarime na Serengeti zinafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, wenyeji wengi wa huko, Wakurya, Wangoreme, Waikoma na Wanata, wana lugha zao za kwanza. Methali hii huwafikia kupitia Kiswahili, lugha ambayo nayo wengi wao hujifunza baada ya lugha ya nyumbani. Pili, ni wilaya ambazo ardhi yake ina dhahabu. Methali inapofika mahali ambapo taswira yake ni kitu halisi, maana yake inaweza kupimwa kwa namna ambayo pwani au London haiwezekani.

2.0 Safari ya methali

Katika fasihi ya Kiingereza, methali hii imewahi kutumika karibu na metali yenyewe. Mwishoni mwa karne ya 14, Geoffrey Chaucer aliitumia katika hadithi ya matapeli waliodai kuwa wanaweza kugeuza metali duni kuwa dhahabu. Mwaka 1546, John Heywood aliiingiza katika mkusanyo wake wa methali. Kufikia mwisho wa karne hiyo, William Shakespeare aliiweka katika tamthiliya yake ya mfanyabiashara wa Venisi, na hapo ikahusishwa na suala la uzuri wa binadamu na ndoa.

Mazingira ya tukio hilo yana uzito kuliko methali yenyewe. Mtoto wa mfalme wa Moroko anakuja kumposa Portia, na jambo la kwanza analoomba ni asichukiwe kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Kisha anatakiwa kuchagua kati ya makasha matatu: la dhahabu, la fedha na la risasi. Yeye aliyeomba asihukumiwe kwa sura anahukumu kasha kwa sura: anachagua la dhahabu, na ndani yake anakuta fuvu la kichwa pamoja na karatasi yenye methali hii. Baada ya kuondoka kwake, Portia anatamani kila mwenye rangi kama yake achague vivyo hivyo. Kwa hiyo onyo dhidi ya kudanganywa na mwonekano linatolewa na nyumba ambayo yenyewe imemkataa mtu kwa mwonekano wake.

Tamthiliya hiyo ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mkoa huohuo wa Mara, na kuchapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Katika jina hilo, mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza amekuwa tabaka zima la mabepari, na kasha la dhahabu linapata msomaji mpya: raia wa nchi iliyokuwa ikijiuliza mali ni nini na inamfaa nani. Hatudai kwamba methali iliingia Kiswahili kwa mlango huo peke yake. Tunachosema ni kwamba mlango mmojawapo ulifunguliwa na mtu wa Mara.

3.0 Mahali pa ukanushi

Umbo la Kiingereza "All that glitters is not gold" lina utata unaojulikana: likichukuliwa neno kwa neno, linasema hakuna king'aacho kilicho dhahabu. Mazoea ndiyo yanayomwongoza msikilizaji wa Kiingereza kwenye maana iliyokusudiwa. "Vyote ving'aavyo si dhahabu" imefuata mpangilio huohuo, na katika Kiswahili utata ni mzito zaidi. Tukisema "Wanafunzi wote hawakufika", msikilizaji huelewa kwamba hakufika hata mmoja. Tukitaka kusema wengine walifika, tunatanguliza ukanushi: "Si wanafunzi wote waliofika."

Methali zetu zenyewe hufuata njia hiyo ya pili, kama katika "Si kila mwenye makucha huwa simba". Kiarabu nacho, katika methali yake inayofanana na hii, hutanguliza ukanushi kabla ya neno lenye maana ya "kila". Ndiyo maana umbo la "Si kila king'aacho ni dhahabu", ambalo nalo linatumika, linaelekea kuwa na nasaba tofauti na lile la "vyote". Mpangilio wa maneno hautoshi kuthibitisha asili, lakini unatosha kutuonyesha kwamba maumbo haya mawili hayasemi jambo moja.

4.0 Ushahidi wa mwamba

Katika enzi ya Wajerumani, dhahabu ilichimbwa Kilimafedha, ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Jina hilo linastahili kuangaliwa. Kilima kilichotoa dhahabu kiliitwa kwa neno fedha, ambalo ni metali nyingine na pia ni pesa. Jina halikutaja mng'aro wala rangi. Linasomeka vizuri zaidi kama jina la thamani.

Huko Nyamongo, wilayani Tarime, ambako mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, wachimbaji wadogo wanajua kwamba jiwe lenye dhahabu mara nyingi halina mvuto wowote. Kinachometameta kwa manjano huenda kikawa pairaiti. Hata hivyo pairaiti si jambo la kupuuzwa, kwa kuwa katika miamba ya aina hiyo mara nyingi hukaa pamoja na dhahabu. Anayefuata kanuni ya "vyote ving'aavyo si dhahabu" kwa maana yake ya kisarufi atalitupa jiwe pamoja na utajiri wake. Njia ya mchimbaji ni kuponda, kuosha na kuangalia kilichobaki kwenye karai. Hata mabaki ya kazi hiyo, yanayoitwa marudio, huuzwa na kuchakatwa tena.

Upande wa pili wa jambo hili ni wa huzuni. Mawe ambayo mgodi mkubwa huyaita taka yamekuwa yakiwavuta wanavijiji waliojua kwamba ndani yake bado mna dhahabu. Mwezi Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi katika tukio la watu kuingia mgodini humo. Neno taka nalo ni hukumu ya nje. Nani ana haki ya kulitamka juu ya jiwe ni swali ambalo watu wamelilipia kwa uhai.

5.0 Hitimisho

Mkakasi umekwisha kufunguliwa: methali yake inatuambia kilichomo, nacho ni kipande cha mti. Ikielekezwa kwa mtu mwenye sura nzuri, inamtia hatiani kabla hajasema neno. Methali ya dhahabu, ikisemwa kwa umbo la "si kila", haimhukumu mzuri wala asiye mzuri. Inamtaka mtazamaji afanye kazi ya kupima. Kuzifundisha kama visawe ni kumfunza mwanafunzi kwamba uzuri ni dalili ya utupu, jambo ambalo halisemwi na methali ya dhahabu.

Tunapendekeza basi kwamba vitabu vya methali viyatenganishe maumbo haya mawili, na vilipe la "Si kila king'aacho ni dhahabu" nafasi ya kwanza. Mtoto wa Nyamongo aliyemwona mzazi wake akiosha mchanga hadi jioni atalielewa bila maelezo ya mwalimu.