Maradhi yanavyozima meko ya mikahawa ya Garsen

BIASHARA ya chakula katika mji wa Garsen, Kaunti ya Tana River, husimama juu ya nguzo mbili: barabara na mifugo. Maradhi ya kuambukiza yanapozuka, aghalabu mojawapo ya nguzo hizo hufungwa, na wenye mikahawa huanza kuumia hata kabla ya mgonjwa wa kwanza kuonekana mjini.

Hilo lilidhihirika mara mbili katika muda usiozidi miaka 15. Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka wa 2006 na 2007 ilifunga vichinjio. Covid-19, iliyoingia nchini Machi 2020, ilifunga barabara. Mbali na hayo mawili, kipindupindu hurejea mara kwa mara, hasa baada ya mafuriko.

Kila moja ya maradhi hayo huingia jikoni kwa mlango wake. Asiyetambua mlango huo huishia kufunga biashara isiyokuwa na hatia na kuacha wazi ile yenye hatari.

Mji wa njia panda

Garsen iko sehemu ya chini ya Mto Tana, mto mrefu zaidi nchini Kenya, ambao husafiri takriban kilomita 1,000 kutoka nyanda za juu hadi Bahari ya Hindi. Barabara kuu ya kutoka Mombasa na Malindi hugawanyika katika eneo hili. Mkono mmoja huelekea Hola na Garissa, na mwingine huenda Witu, Mpeketoni na Mokowe, ambako abiria huvuka kwa mashua kwenda kisiwani Lamu.

Kwa sababu hiyo, Garsen na kituo jirani cha Minjila ni mahali pa kupumzika. Basi linaposimama, abiria hushuka kwa wingi na kuingia katika 'hoteli', neno ambalo huku humaanisha mahali pa kula wala si pa kulala. Asubuhi huwa ni chai ya maziwa, mahamri na mbaazi za nazi. Mchana ni pilau, wali wa nazi, chapati na nyama ya mbuzi au ng'ombe.

Sahani hiyo moja hukutanisha jamii nzima ya eneo hili. Nyama na maziwa hutoka kwa wafugaji wa Orma na Wardei. Mchele, ndizi na maembe ya baada ya chakula hutoka katika mashamba ya Wapokomo kando ya mto. Samaki huletwa kutoka mtoni na Kipini, ambako Tana humwaga maji yake baharini.

Nyuma ya kila mkahawa pia kuna kundi la watu ambao mlaji hawaoni: mwenye bucha, mama anayeuza maziwa, mwenye mkokoteni wa maji, muuza makaa, mpishi na mhudumu anayelipwa kwa siku. Mkahawa ukifungwa leo, hao wote hukosa riziki leo hii, si mwisho wa mwezi.

Bucha zilipofungwa

Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kwa mara ya kwanza humu nchini, karibu na Naivasha, mapema katika miaka ya 1930. Virusi vyake huweza kuhifadhika katika mayai ya mbu yanayokaa ardhini kwa miaka mingi. Mvua kubwa ikinyesha na mabonde yakajaa maji, mayai hayo huanguliwa, na mbu huwaambukiza kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya mvua za mwishoni mwa 2006. Desemba mwaka huo ugonjwa ulithibitishwa katika Wilaya ya Garissa, kisha ukaenea hadi wilaya nyingine zikiwemo Ijara na Tana River. Kufikia Machi 2007, Wakenya 684 walikuwa wameripotiwa kuugua, na 155 kati yao wakafariki.

Serikali ilipiga marufuku uchinjaji na usafirishaji wa mifugo katika maeneo yaliyoathirika, na masoko ya mifugo yakafungwa. Wakati huo haungekuwa mbaya zaidi kwa wenye biashara. Krismasi ilikuwa imewadia, na Idd ya kuchinja iliangukia siku za mwisho za Desemba 2006.

Katika ugonjwa huu, binadamu huambukizwa kwa kuumwa na mbu, kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kumchinja au kumzalisha, au kwa kunywa maziwa mabichi. Nyama iliyokaguliwa na kupikwa ikaiva haina hatari hiyo. Kwa maneno mengine, aliyekuwa katika hatari kubwa ni mchinjaji na mfugaji, wala si mlaji aliyeketi mezani.

Hata hivyo, hofu haikungoja maelezo. Hata katika miji iliyokuwa mbali na chanzo cha ugonjwa, Nairobi ikiwa mmojawapo, wateja wengi waliikwepa nyama nyekundu na kukimbilia kuku na samaki, ambao bei yao ilipanda. Wataalamu wa uchumi waliochunguza mkurupuko huo walikadiria kuwa uliigharimu Kenya zaidi ya Sh2 bilioni.

Kwa mkahawa wa mji wa wafugaji, kukosa nyama si kukosa kitoweo kimoja miongoni mwa vingi. Nyama ndiyo huleta faida; chai na chapati hulipia tu kuni na maji. Isitoshe, mfugaji asiyeuza mbuzi hana pesa mfukoni za kuja kunywa chai mjini. Kwa hivyo mwenye mkahawa hupoteza bidhaa na mteja kwa wakati mmoja.

Barabara ilipofungwa

Miaka 13 baadaye, pigo lilitoka upande mwingine. Kenya ilitangaza kisa cha kwanza cha Covid-19 mnamo Machi 13, 2020. Siku chache baadaye, baa ziliagizwa kufungwa, nayo mikahawa ikaruhusiwa kuuza chakula cha kubeba pekee. Kuanzia Machi 27, kafyu ya kitaifa ilianza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Kilichoiumiza Garsen zaidi ni amri iliyoanza Aprili 8, iliyozuia watu kuingia na kutoka katika kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Tana River haikutajwa katika amri hiyo. Lakini Kilifi ndiyo mlango wake wa kusini. Basi la Mombasa haliwezi kufika Garsen bila kupitia Malindi. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, lakini abiria, ambao ndio walaji, walikatika.

Agizo la kuuza chakula cha kubeba nalo lilifaa miji mikubwa, ambako mteja huagiza kwa simu na chakula kikapelekwa kwake kwa pikipiki. Mkahawa wa njiani hauna mteja wa aina hiyo. Mteja wake ni msafiri, na msafiri hakuwepo.

Kilifi na Kwale zilifunguliwa Juni 7, na Mombasa ikafunguliwa Julai 7. Hivyo, abiria wa Mombasa walikosekana barabarani kwa miezi mitatu kamili. Kafyu yenyewe, ingawa saa zake zilipunguzwa hatua kwa hatua, haikuondolewa hadi Oktoba 20, 2021, karibu miezi 19 baada ya kuanza.

Garsen haikuwa ngeni kwa kafyu. Julai 2017, serikali ilikuwa imetangaza kafyu ya miezi mitatu katika sehemu za Lamu, Garissa na Tana River kwa sababu za kiusalama. Tofauti ni kwamba wakati huo mchana ulibaki wa biashara. Mwaka wa 2020 usiku ulifungwa, na mchana ukakosa wateja.

Masharti ya kuuza pombe, yaliyozua malalamiko makubwa Nairobi na katika hoteli za kitalii za Pwani, hayakuwa na uzito kama huo hapa, kwani mikahawa mingi ya mji huu huuza chai, soda na maji ya matunda.

Ramadhani chini ya kafyu

Ramadhani ya 2020 ilianza mwishoni mwa Aprili. Katika mji wenye Waislamu wengi, mwezi huu hugeuza saa za biashara ya chakula. Mchana meko huzimwa. Jioni ndipo sambusa, kaimati, uji na tende huuzwa, na mikahawa hukesha hadi daku.

Mnamo Aprili 27, Waziri wa Afya wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, alitangaza masharti ya kufungua mikahawa tena. Wafanyakazi walitakiwa kupimwa virusi, wateja kupimwa joto na kuketi mbalimbali, na biashara kufungwa saa kumi jioni.

Katika maeneo haya jua hutua mwendo wa saa kumi na mbili na robo. Mkahawa ungefungwa saa mbili kabla ya futari, na kafyu ingeanza dakika 45 baada yake. Saa zilizoruhusiwa zilikuwa zile zile ambazo wateja walikuwa wamefunga. Kwa mwenye mkahawa wa Garsen, ruhusa hiyo ilikuwa ya karatasi tu.

Hali ilikuwa ngumu zaidi katika Mji wa Kale, Mombasa, ambako kuanzia Mei 6 watu walizuiwa kuingia na kutoka, na mikahawa ikafungwa kabisa.

Msaada uliopita kando

Serikali haikukaa kimya. Ushuru wa thamani ya ziada, VAT, ulipunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 14 kati ya Aprili na Desemba 2020. Mei 23, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa Sh53.7 bilioni wa kufufua uchumi, ambao sehemu yake ilikuwa mikopo nafuu kwa hoteli za kitalii.

Nafuu hizo zilikuwa na maana kwa hoteli kubwa. Lakini biashara ambayo mauzo yake hayafiki Sh5 milioni kwa mwaka hailazimiki kusajiliwa kulipa VAT. Kibanda cha mahamri hakitozi ushuru huo, kwa hivyo kupunguzwa kwake hakukuacha senti zaidi mkononi mwa mwenye kibanda. Naye asiye na hati wala hesabu za benki si rahisi kupata mkopo wa hoteli.

Mlango wa tatu: maji

Kipindupindu ni tofauti na maradhi hayo mawili, kwa kuwa hapa mkahawa wenyewe unaweza kuwa chanzo. Viini vyake huenezwa kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Tana inapofurika, vyoo na visima huzama pamoja, nayo barabara ya kuelekea Hola hukatika.

Mkurupuko ulioanza nchini Oktoba 2022 ulifika hadi Tana River. Katika hali kama hiyo kumpima mteja joto mlangoni hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, sabuni, choo salama, na chakula kinachopakuliwa kikiwa moto. Ndiyo maana sheria humtaka kila anayeshika chakula cha kuuza awe na cheti cha afya.

Mafunzo

Kwanza, hatua zifuate njia ya ugonjwa. Homa ya Bonde la Ufa hukabiliwa kwa kuchanja mifugo kabla ya mafuriko na kuimarisha ukaguzi wa nyama. Mvua kubwa hutabiriwa mapema, na chanjo ya mifugo ipo. Kinachohitajika ni kuifikisha Tana River kabla ya barabara kukatika. Maradhi ya njia ya hewa huhitaji nafasi na upepo. Jambo hili lingeweza kutumiwa vyema Garsen, ambako mikahawa mingi ina baraza au meza chini ya mwembe.

Pili, saa za kufungua na kufunga zizingatie maisha ya mahali. Amri moja kwa nchi nzima ni rahisi kuitangaza, lakini saa kumi jioni ya Nairobi si sawa na saa kumi jioni ya Garsen wakati wa Ramadhani. Serikali za kaunti, ambazo tangu 2013 ndizo zinazosimamia huduma nyingi za afya pamoja na leseni za mikahawa, zina nafasi nzuri ya kulisema hili mapema.

Tatu, kaunti jirani inapofungwa, mji unaoishi kwa wasafiri wa kaunti hiyo uhesabiwe miongoni mwa walioathirika, hata kama hauna mgonjwa.

Kwa wenye mikahawa wenyewe, kinga ya karibu ni kutotegemea kitoweo kimoja. Samaki wa Kipini, maharagwe, mbaazi, mchele na matunda ya bonde la Tana vyote vinapatikana bila kupita Malindi wala kichinjioni. Aliye na wauzaji wa aina hizo tangu wakati wa neema hupata cha kupika siku ambayo bucha imefungwa na basi halijafika.