«Tutapigiana»: Sababu gani wanunuzi wa nyumba ku Goma wananyamaza

Goma – Kila mukaaji wa muji huu aliyewahi kuuzisha nyumba anajua lile neno. Munuzi anafika na komisioneri, anaingia lupango, anaangalia vyumba, anafungua robine, anauliza bei. Mbele ya kutoka anasema: «Ni muzuri, tutapigiana.» Kisha simu inanyamaza. Wiki inapita, mwezi unapita, na mwenye nyumba hajui kama ni bei ilimushinda, ni makaratasi, ao ni kitu alichoona akakosa kusema.

Kwa familia inayouzisha ili kulipa hospitali ao masomo ya watoto, ukimya ule ni hasara. Haijue irekebishe nini, basi inashusha bei tu. Lakini ukimya huu haukuanza leo. Uko na historia yake.

Muzizi wa kwanza ni makaratasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba udongo ni mali ya serkali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na ushuhuda wa haki ile ni cheti cha kuandikisha parseli. Lakini wakaaji wengi wa Goma walinunua kwa karatasi ya mauzo yenye sahihi za mashahidi na shefu wa kartie, basi. Munuzi akiona karatasi ile, anaogopa. Je, atasema «sina uhakika kama parseli ni yako»? Kusema vile ni sawa na kumuita mwenye nyumba mwizi mbele ya watoto wake. Anachagua kusema «tutapigiana». Na kuna familia ambazo ndugu mumoja aliuzisha kwa siri. Ndiyo maana kuta nyingi katika Congo ziko na maandishi ya rangi: parseli hii haiuzishwi.

Muzizi wa pili ulikuja mwaka wa 1994. Mwezi wa Julai, wakimbizi wapata milioni moja walivuka kutoka Rwanda, na mashirika ya musaada yakawafuata. Mashirika yalitafuta nyumba, na yalilipa kwa dolari. Komisioneri, mutu anayejua ni lupango gani iko na nafasi, akawa mutu wa lazima. Mupaka leo yeye ndiye anasimama katikati. Anakula kwa kila mauzo, kwa hiyo hapendi muuzaji na munuzi wapeane namba. Maneno ya munuzi yanaishia kwake. Akimuambia mwenye nyumba kwamba choo kinanuka, labda atapoteza kazi. Akisema «wanafikiri bado», kazi inaendelea.

Muzizi wa tatu ni Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa mulima ulipita katikati ya muji, ukafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kubomoa kanisa kubwa la Saint-Joseph. Watu walirudi na kujenga tena juu ya mawe yaleyale. Tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka tena, ukasimama upande wa Buhene, na siku tano kisha pale kartie kumi ziliombwa kuhama. Tangu pale, munuzi anatembea akiangalia chini. Anajiuliza kama moto ulipita hapa, kama choo kilichimbwa vizuri ndani ya jiwe, kama maji yanafika ao ni kubeba bidoni, kama kuna mazuku, ile hewa mbaya inayotoka katika udongo na kuua bila harufu. Anaona, anahesabu, ananyamaza.

Mwisho wa Januari 2025, muji uliingia mikononi mwa M23. Benki zikafungwa, na watu waliohama kutoka Sake, Masisi na Rutshuru wakahama tena. Wengi walitaka kuuzisha wakati mumoja, na wenye makuta waliogopa kujulikana. Kusema «nimeipenda, lakini punguza» ni kujulisha kwamba makuta iko mahali fulani. Ukimya ukawa pia njia ya kujilinda.

Basi mwenye nyumba afanye nini? Wenye uzoefu hawaulize «umeipenda?», juu kila mutu atajibu ndiyo kwa heshima. Wanauliza: «Kama ungekuwa mwenye nyumba hii, ungetengeneza nini kwanza?» Swali lile halimuaibishe mutu. Wengine wanaacha jirani ao mama wa lupango asindikize mugeni mupaka barabarani, juu maneno ya kweli yanatoka njiani, nje ya salon. Wengine wanaonyesha makaratasi mwanzoni, mbele ya vyumba. Na komisioneri akiahidiwa kitu kidogo kwa jibu la kweli, hata kama mauzo hayafanyike, ulimi wake unafunguka. Wageni watatu wakitaja kitu kimoja, kazi inajulikana. Wakitaja vitu mbalimbali, labda shida ni bei.

Munuzi naye ako na deni. Familia inayongojea simu ile pengine imekwisha kufunga mizigo. «Hapana, ni juu ya makaratasi» ni neno chungu la dakika moja. «Tutapigiana» inaweza kuwakalisha miezi sita.