Nguvu za Ligi na Mlango Uliofungwa

Kila ifikapo Septemba, sisi tunaoishi Marekani hatuna pa kuukimbia mpira wao wa vyuo vikuu. Watoto wetu wamekwenda kusoma huko, wakarudi na fulana za rangi za chuo na ubishi usiokwisha: ligi ipi ina nguvu kuliko zote tangu zamani? Kwa kuwa ubishi umefika hadi mezani petu, na sisi kazi yetu ni vipimo, tumeona tuupime kihandisi.

Kwanza tuelewane. Vyuo hivi hucheza kwa makundi yaitwayo konferensi, ambayo hapa tutayaita ligi. Big Ten, ya majimbo ya kaskazini ya kati, ilianzishwa mwaka 1896. SEC, ya Kusini, ilizaliwa mwaka 1932 vyuo 13 vilipojitenga na ligi mama. Mashabiki wa SEC hujivunia ubingwa wa taifa mara saba mfululizo, tangu msimu wa 2006 hadi wa 2012. Wa Big Ten hujibu kwa Michigan msimu wa 2023 na Ohio State msimu wa 2024. Kisha kila upande hukusanya vikombe vya enzi za babu zao na kuvijumlisha.

Hapo ndipo mhandisi anaposita, maana futi na mita hazijumlishwi. Mechi za ndani ya ligi hazisemi lolote juu ya nguvu ya ligi, kwani kila ushindi mmoja ni kushindwa kwa mwenzake. Zinazosema ni mechi baina ya ligi na ligi, nazo ni chache kila msimu. Vikombe vya zamani, tena, vilitolewa kwa kura za waandishi na makocha, si kwa fainali. Hata idadi ya wachezaji waliofadhiliwa ilikuwa tofauti: mwaka 1973 kiliwekwa kikomo cha 105, mwaka 1978 kikawa 95, na katika miaka ya 1990 kikashuka hadi 85. Kabla ya hapo, chuo tajiri kiliweza kurundika wachezaji benchi, mradi tu mpinzani asiwapate.

Lakini lililo kubwa kuliko yote hayo ni hili: nani aliruhusiwa kucheza? Hadi mwaka 1967 hakuna mchezaji Mweusi aliyekuwa ameingia uwanjani katika mechi ya SEC. Tarehe 30 Septemba mwaka huo Nate Northington wa Kentucky aliuvunja mwiko huo, siku moja tu baada ya Greg Page, mwenzake wa chumba, kufariki kwa jeraha alilolipata mazoezini.

Je, kabla ya hapo vijana Weusi wa Kusini walikuwa wapi? Wengi walicheza katika vyuo vya Weusi, kama Grambling na Florida A&M, ambavyo havikuhesabiwa katika ubishi huu. Wengine walipanda kaskazini. Kocha Duffy Daugherty wa Michigan State aliwapata Bubba Smith na Gene Washington kutoka Texas, George Webster kutoka South Carolina na Jimmy Raye kutoka North Carolina, wakati milango ya kwao ilikuwa imefungwa au ndiyo kwanza inafunguka. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Big Ten mwaka 1965 na 1966. Kufa kufaana.

Msimu huo wa 1966 Alabama, timu ya Wazungu watupu, ilishinda mechi zake zote 11, na bado ikawekwa ya tatu, nyuma ya Notre Dame na Michigan State zilizotoka sare 10–10. Tarehe 12 Septemba 1970 USC ya California iliifuata Alabama kwao Birmingham na kuichapa 42–21. Sam Cunningham, kijana Mweusi, alikimbia yadi 135. Husemwa kwamba mechi hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Kwa kweli Alabama ilikwisha kumsajili Wilbur Jackson, ila sheria za wakati huo hazikumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kucheza.

Kwa hiyo SEC ya 1966 na SEC ya 2012 ni jina moja, vitu viwili. Ya pili ilipata nguvu kwa vijana wa jamii ile ile ambayo ya kwanza iliikataa. Na majina yanaendelea kuhadaa: mwaka 2024 Big Ten, yaani Kumi Kubwa, ilifikisha vyuo 18, USC ikiwamo.

Jibu letu kwa watoto ni hili. Ligi za msimu mmoja zilinganisheni kwa mechi zilizokutana. Za zama mbalimbali, kabla ya kuhesabu vikombe, ulizeni kwanza nani aliachwa nje ya mlango. Jedwali la mabingwa halina safu yake.